Nyumba Leicester, nyumba Kahawa Sukari: nikiulizwa ninaishi wapi, nijibu nini?

Mama Mshauri,

Sijui kama barua hii ni ya safu yako au ni ya mhasibu. Nimeiandika mara tatu nikiifuta. Nikianza na pesa naishia kwa mwanangu, nikianza na mwanangu naishia kwa pesa.

Nina miaka 57, mjane. Nilikuwa muuguzi Leicester, Uingereza, kwa miaka mingi. Juni 2006 nilinunua nyumba kule kwa jina langu peke yangu, pauni 125,000, nikalelea watoto wangu wawili humo. Agosti 2019 magoti yakakataa zamu za usiku, nikarudi. Sasa naishi Kahawa Sukari, katika nyumba niliyoijenga polepole nikiwa bado ng'ambo. Pasipoti ninazo mbili, ya Kenya na ya Uingereza.

Niliporudi niliwapangisha wanandoa fulani kwa pauni 750 kwa mwezi. Pesa ziliingia kwenye akaunti yangu ya kule, hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu. Mapema 2022 waliondoka, na Machi kijana wangu akaingia. Alikuwa ametengana na mkewe na kazi imemponyoka. Akaniambia, "Mum, ni miezi miwili tu." Huu ni mwaka wa nne. Kazi amepata, mtoto wake wa miaka sita anasoma shule iliyo karibu na pale na hulala kwake siku tatu kwa wiki. Halipi kodi. Sijawahi kumwomba.

Mimi nami nina ploti Juja. Nilianza kujenga rental mwaka 2021, vyumba vinane, tukafika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, 2023 na pesa zikaisha. Kuta zimeota ukungu wa kijani. Fundi ananipigia kila Jumatatu kuniuliza kama tumefikia wapi, kana kwamba mimi ndiye ninayejenga na yeye ndiye mwenye ploti. Mkopo wa sacco unakatwa kila mwezi nikiwa sina mpangaji hata mmoja.

Sasa jirani wa Leicester anataka nyumba ile kwa ajili ya binti yake. Ameahidi pauni 245,000 na anataka jibu kabla mwezi huu wa Agosti 2025 haujaisha. Na hapo ndipo kila mtu alipogeuka wakili.

Shemeji yangu aliye Birmingham anasema: "Usiseme ulihama. Barua zako bado zinaingia pale, kijana yuko pale, jina lako liko kwa bili. Nyumba ambayo mtu anaishi haitozwi kodi." Rafiki yangu wa chama alichukua simu akapiga hesabu mezani: Uingereza asilimia 24 ya faida, kisha KRA, watoza kodi wa Kenya, nao asilimia 15 kwa sababu naishi hapa. Akafika karibu pauni 47,000. Chai ilinipalia. Binti yangu aliye Rongai anasema nimwandikishe kaka yake nyumba, yeye aiuze kama yake, maana anaishi humo, halafu anitumie pesa. Mama Mshauri, nampenda mwanangu, lakini hilo la "anitumie pesa" lilinifanya ninyamaze.

Kijana hajui kuna mnunuzi. Kila Julai naenda wiki tano kumwona mjukuu, na mwezi jana nilikaa naye jikoni kila asubuhi bila kusema neno. Alikuwa akipaka rangi chumba cha mtoto. Akaniambia, "Mum, hii ni nyumba yetu."

Nikiwa Leicester nasema "nyumbani Kenya." Nikiwa hapa, ulimi huteleza nikasema "nyumbani Leicester." Kwa hiyo nauliza: mimi ni mkaazi wa wapi? Na nikiuza, nimwambieje mtoto?

Mama wa Nyumba Mbili,
Kahawa Sukari, Nairobi

*

Dada yangu,

Swali lako la kwanza lina jibu lililoandikwa katika sheria, kwa hiyo nianze nalo, ingawa sidhani ndilo lililokufanya ufute barua mara tatu. Mimi si mtaalamu wa kodi. Nimeketi na mhasibu anayeshughulikia mambo ya watu wa majuu, nikamwekea tarehe na takwimu zako mezani bila jina, naye akanivumilia mchana mzima.

Ukaazi wa kodi haupimwi kwa pasipoti wala kwa mahali barua zinapoangukia. Kwa sheria ya Kenya, mwenye makao ya kudumu hapa ambaye amekuwepo nchini hata kwa siku chache katika mwaka ni mkaazi. Zile siku 183 ambazo watu huzitaja matatuni ni za yule asiye na makao hapa. Waingereza wao huhesabu usiku: ukikukuta saa sita ya usiku ukiwa kwao, hiyo ni siku moja. Mtu ambaye hakuwa mkaazi wao katika miaka mitatu ya kodi iliyotangulia, akikaa kwao chini ya siku 46 katika mwaka unaoanza tarehe 6 Aprili, si mkaazi. Wiki tano zako ni siku 35. Vitabu vya pande zote mbili vinakuweka Kahawa Sukari.

Huenda jibu hilo limekuuma kidogo. Kuandika kwenye fomu kwamba huishi tena Leicester ni kama kusaini kwamba umemwacha mtoto. Lakini fomu inauliza unakolala, basi.

Sasa hesabu ya rafiki yako wa chama. Namheshimu kwa kujua asilimia, ila asilimia alizitwanga juu ya kitu kisicho chake. Kodi ya faida ya mauzo ya mali hapa kwetu ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi Januari 2015 kwa asilimia 5, ikapandishwa hadi 15 Januari 2023. Nadhani kishindo cha hiyo 15 ndicho kilichomkaa kichwani. Lakini sheria inataja mali iliyoko Kenya, na Leicester haiko Kenya. Kwa faida ya nyumba ile, KRA hana sehemu. Zaidi ya hayo Kenya na Uingereza zina mkataba wa kodi tangu 1973, unaoiacha nchi yenye nyumba itoze faida ya nyumba hiyo. Weka tu karatasi za mauzo vizuri, maana siku pesa zinaingia benki ya Nairobi utaulizwa zimetoka wapi.

Uingereza ndiko kuna kodi. Zamani mtu wa nje aliuza nyumba kule akaondoka kimya, lakini tangu tarehe 6 Aprili 2015 hata asiye mkaazi hutozwa faida ya nyumba ya kuishi. Na hapa niulize polepole: shemeji anadhani kusema wewe ni mkaazi wa kule kungekuokoa? Mkaazi naye hutozwa, kwa viwango vilevile, asilimia 18 na 24. Kinachopunguza kodi ni kitu kingine, ni miaka ambayo nyumba ilikuwa makao yako mwenyewe. Na hiyo miaka, dada, unayo halali kabisa, huhitaji kumwazima mtu uongo.

Tuhesabu pamoja. Umeimiliki kwa miezi kama 230. Uliishi humo miezi 158, na sheria inakuongezea miezi 9 ya mwisho ya umiliki kwa sababu iliwahi kuwa makao yako. Jumla 167. Inabaki miezi 63 isiyo na kinga ya kodi, na kwa bahati mbaya mwanao kuishi humo hakuhesabiwi kama wewe. Faida yako ni pauni 120,000, na fungu la ile miezi 63 ni kama pauni 32,900. Toa pauni 3,000 ambazo kila mtu husamehewa kwa mwaka, unabaki na kama 29,900, kabla hata ya kutoa gharama za wakili. Ikiwa huna mapato mengine makubwa Uingereza mwaka huo, yote hutozwa asilimia 18, karibu pauni 5,400. Kwa pesa zetu ni kama laki tisa na kitu. Laki tisa si njugu, lakini si zile 47,000 zilizokupalia chai.

Kuna mtego mmoja ambao mhasibu aliurudia mara mbili, nami naurudia. Kwa asiye mkaazi, hesabu ya kawaida huanzia thamani ya nyumba Aprili 2015, si bei uliyonunulia. Watu wengi huifurahia. Wewe inaweza kukuumiza, kwa sababu inaifuta ile miaka yako mizuri ya 2006 hadi 2015. Tuseme nyumba ilikuwa na thamani ya 140,000 wakati huo: faida inaonekana ndogo, 105,000, lakini karibu nusu yake ingebaki bila kinga, kama pauni 53,000. Sheria inakuruhusu kuchagua hesabu ya faida yote tangu ulipoinunua, lakini usipochagua, ile ya 2015 ndiyo inayoshika. Yeyote utakayemlipa akujazie fomu, muulize swali hili kabla hujamuuliza bei yake.

Nirudi kwa shemeji. Sitamwita mtu mbaya, nadhani anakuonea huruma kwa njia yake. Lakini tazama anachokuuzia: uitie sahihi yako kwenye fomu kwamba uliishi pale hadi leo, wakati pasipoti zako zina mihuri ya kuingia Nairobi na akaunti yako ina pauni 750 za wapangaji mwezi baada ya mwezi. Ukikamatwa utadaiwa kodi yenyewe, riba, na faini ya kudanganya ambayo ni kali kuliko ya kukosea. Yote hayo kwa laki tisa kati ya mauzo ya milioni 40 na ushei. Ungeweza kulala? Hilo unalijua wewe.

Wazo la binti yako ni la kawaida sana katika familia zetu, na ndiyo maana linaponza wengi. Kumpa mtoto nyumba, kwa Waingereza, ni kama umemuuzia kwa bei ya soko. Kodi ingekuja ileile, kwako wewe mama, na hujashika hata senti ya kuilipa. Halafu kuna ule unyamavu wako uliponiandikia "anitumie pesa." Sitauchokonoa. Nimeusikia tu.

Zipo njia nyingine ambazo hakuna aliyekutajia. Unaweza kutouza. Mtu akifariki na nyumba yake, Uingereza haitozi ile faida tena, warithi huanza na thamani ya siku hiyo, na kodi ya urithi huanza pauni 325,000 kwenda juu. Nyumba yako iko chini ya hapo kwa sasa. Lakini sheria hubadilika, kuta za Juja haziwezi kungoja mazishi yako, na watoto wako ni wawili, mmoja akiwa ndani ya nyumba na mwingine Rongai. Unaweza pia kurudi uishi humo kweli. Kwa masharti fulani, mtu akirudi kwenye makao yake, sheria humhesabia hadi miaka mitatu ya kutokuwepo. Magoti yako yanasemaje kuhusu Januari ya Leicester?

Sasa sentensi moja ambayo uliipita mbio: "hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu." Mwenye nyumba anayeishi nje ya Uingereza ana utaratibu wake. Mpangaji anayemlipa moja kwa moja zaidi ya pauni 100 kwa wiki alitakiwa kukata asilimia 20 na kuipeleka serikalini, isipokuwa mwenye nyumba ameomba kibali cha kupokea bila kukatwa. Hukujua, na wapangaji nao bila shaka hawakujua. Nadhani huu ndio mfupa uliokukaa kooni, na shemeji, kwa kukwambia usiseme ulihama, anakusaidia kuumeza.

Lakini hebu tuutazame kwenye mwanga. Pauni 750 kwa mwezi ni 9,000 kwa mwaka. Raia wa Uingereza, hata akiishi nje, hatozwi kodi ya mapato kwa pauni 12,570 za kwanza, na kabla ya Aprili 2021 ilikuwa 12,500. Kama hukuwa na mapato mengine kule, miaka ile mizima huenda haina deni lolote. Ule wa 2019, ambao ulikuwa bado na mshahara wa miezi kadhaa, ndio unaoweza kuwa na kitu. Mamlaka ya kodi ya kule ina mpango maalumu wa wenye nyumba za kupangisha kujitokeza wenyewe, na anayejitokeza kabla hajaulizwa hupunguziwa faini. Ukiuza kwanza ndipo ujieleze, huenda barua yao ikakutangulia. Ukijieleza kwanza, mauzo yanakuwa mauzo tu. Utaratibu upi unakufaa, mhasibu ataona vizuri kuliko mimi.

Na sasa kijana.

Kiswahili chetu kina utani wake. Anachodai serikali ni kodi, na anachodaiwa mpangaji ni kodi. Barua yako yote inalia kodi, nami nilipoisoma mara ya pili nikaanza kujiuliza unalilia ipi. Tangu Machi 2022 hadi mwezi huu ni miezi 42. Kwa kiwango cha wale wapangaji, ni pauni 31,500 ambazo hazikuingia, karibu mara sita ya ile ya serikali. Linta ya Juja ilisimama 2023. Sisemi mwanao ndiye aliyeisimamisha. Wala sisemi mama amtoze mtoto aliyeanguka, kuna mambo tunayafanya bila risiti na ni sawa. Nauliza tu kama uliwahi kuamua kumpa, au ilitokea tu, mwezi ukazaa mwezi. Kwa sababu kilichotolewa kwa moyo hakiumi baadaye, na wewe barua yako inauma.

Najiuliza pia kama alipokwambia "hii ni nyumba yetu" alikuwa anadai mali au anakushukuru. Mtu anayepaka rangi chumba cha mtoto anaweza kuwa anasema yote mawili. Wewe ulisikia la kwanza na ukanyamaza. Je, ingekuwaje kama ungemwuliza? Huenda angelia. Huenda angekasirika, akakukumbusha mambo ya utotoni, maana watoto wa wauguzi wa zamu za usiku wana yao moyoni. Huenda pia ana kazi ya kutosha sasa kukopa benki na kuinunua yeye, kwa bei ya jirani au chini kidogo. Ila jua kwamba ukimpunguzia bei, Waingereza watakuhesabia ile ya soko. Huenda akaomba miezi sita mtoto amalize mwaka wa shule. Jirani anayemtafutia binti yake nyumba anaweza kungoja, au asiweze. Kabla hujamwambia kijana, majibu haya yote ni ya kukisia, na umekuwa ukiyakisia peke yako.

Hatari ya kumwambia ipo, sitaificha. Akikataa kutoka, uhusiano unaweza kuchubuka mbele ya mjukuu, na mnunuzi wa Uingereza hatakubali nyumba yenye mtu ndani. Hatari ya kutomwambia ni kwamba atasikia kutoka kwa jirani juu ya ua. Ukisema naye, nadhani ianze na magoti, na Juja, na sacco, yaani maisha yako ambayo pengine hajawahi kuyaona kwa sababu kila Julai unafika na zawadi. Watoto wetu wa ng'ambo hudhani mama aliyerudi Kenya amestaafu kwenye kivuli cha mwembe. Mtumie picha ya zile kuta za kijani.

Kuhusu muda, jirani anataka jibu kabla mwezi kwisha na hilo linakubana kifua. Basi jua kwamba kule kukubali ofa kwa mdomo hakukufungi. Kinachofunga ni siku mawakili wanapobadilishana mikataba, na mara nyingi miezi kadhaa hupita kabla ya hapo. Taarifa ya kodi na malipo yake vinadaiwa ndani ya siku 60 tangu siku ya kukamilisha mauzo, hata kama hesabu ingetoka sifuri, na kuchelewa kunaanzia faini ya pauni 100. Kwa hiyo hata ukimjibu jirani "ndiyo" kesho, saa ya serikali haijaanza kuhesabu, na Jumapili jioni kijana huwa hana zamu ya kazi, sivyo?